Mimea ya Misitu ya Mvua ya Usambara Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudiwa na wanafunzi, wageni wanaopanda Amani, wakulima wa vijiji vya kando ya hifadhi, na wakazi wa Tanga mjini wanaotaka kujua maji yao yanatoka wapi. Majibu yanahusu zaidi Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani na misitu inayoizunguka. Unaweza kuanzia swali lolote. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, tumekuelekeza kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Misitu hii iko wapi, na ina upekee gani?

Usambara Mashariki ni milima ya Mkoa wa Tanga, katika wilaya za Muheza, Mkinga na Korogwe, kilomita 40 hivi kutoka Bahari ya Hindi. Bonde la Lwengera ndilo linaloitenga na Usambara Magharibi, yaani upande wa Lushoto. Zote mbili ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka kusini hadi Udzungwa na Mahenge.

Upekee wake ni idadi ya mimea isiyoota kwingine popote duniani. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki imepitia vipindi vya ukame na vya mvua kwa zamu, na misitu ya tambarare ikawa inapanuka na kusinyaa. Milima hii ilipokea unyevu wa bahari muda wote huo, kwa hiyo msitu wake ulidumu. Mimea iliyobaki juu, ikiwa imekatwa na nyika pande zote, ilipata muda mrefu wa kubadilika peke yake mpaka ikawa spishi za hapa tu.

2. Mnaposema "jamii ya mimea" mna maana gani? Si orodha ya miti tu?

Hapana. Orodha inakuambia nani yupo. Jamii ya mimea ni namna wanavyokaa pamoja: nani yuko juu kabisa akipokea jua, nani anaishi maisha yake yote kivulini, nani anafuata kijito, nani hutokea pale tu mti mkubwa unapoanguka, na mbegu za nani hubebwa na nani. Misitu miwili inaweza kuwa na orodha zinazokaribiana na bado ikawa jamii mbili tofauti, kwa sababu uwiano na mpangilio vimebadilika.

Hili tunalisisitiza kwa sababu watu wengi hupima afya ya msitu kwa macho wakiwa barabarani. Wakiona kijani wanaridhika. Usambara Mashariki ni mahali ambapo kijani kinaweza kukudanganya kabisa: kuna miteremko iliyofunikwa majani kutoka bondeni hadi kileleni, lakini ukiingia ndani unakuta sehemu kubwa ya dari, yaani paa la vichwa vya miti, ni mti mmoja wa kuja. Tazama swali la 11.

3. Kwa nini huku juu ni mbichi mwaka mzima, na Korogwe pale chini ni kukavu?

Upepo wa kusi na wa kaskazi huleta hewa yenye unyevu kutoka baharini. Hewa hiyo ikigonga milima hupanda, hupoa, na kuangusha mvua. Amani hupata karibu milimita 1,900 hadi 2,000 kwa mwaka, nyingi wakati wa masika (Machi hadi Mei) na vuli (Oktoba hadi Desemba), lakini hata miezi iliyobaki haikosi manyunyu na ukungu. Wastani wa joto ni nyuzi 20 hivi. Upande wa magharibi hewa hushuka ikiwa imekwisha kutua mzigo wake, ndiyo maana Bonde la Lwengera na nyika ya Korogwe hupata mvua chache.

Msitu nao hufanya kazi yake. Majani na kuvumwani hunasa matone ya ukungu, udongo wenye mizizi mingi huyapokea na kuyaachia taratibu, na mito haikauki. Mto Sigi, ambao wengine huuandika Zigi, hukusanya maji hayo na kuyapeleka bwawa la Mabayani, na kutoka hapo yanafika kwenye mabomba ya Tanga.

4. Je, miti yote hapa ni ya mbao ngumu?

Kwa fundi seremala, mbao ngumu ni ile inayomtoa jasho kuipigilia msumari. Kwa mtaalamu wa mimea ni mbao ya mti wowote unaotoa maua na matunda wenye majani mapana, hata kama ni laini. Kwa maana hiyo ya pili, karibu miti yote ya asili ya Usambara Mashariki imo, pamoja na ile ambayo mbao zake ni nyepesi. Misonobari iliyopandwa kwenye mashamba ya miti haimo. Ukitaka kuona jamaa zake za asili, mwangati na podo, itakubidi uvuke bonde uende upande wa Lushoto (swali la 18).

5. Mbona hakuna mti mmoja unaotawala, kama mrihi au mianzi inavyotawala kwingine?

Huo ndio mchanganyiko unaoitambulisha misitu ya aina hii. Kwenye misitu mikavu ya pwani, Arabuko-Sokoke kwa mfano, utatembea ndani ya ukanda wa mrihi, kisha ndani ya kichaka cha miti ya Cynometra. Kila ukanda una mwenyewe. Huku juu, ukisimama mahali pamoja na kuhesabu miti mikubwa iliyokuzunguka, mara nyingi kila mmoja ni wa spishi yake.

Maelezo yako kadhaa na yanasaidiana. Mvua ya kutosha haichuji mimea kwa ukali kama ukame unavyochuja. Wadudu na kuvu wanaoshambulia miche ya spishi fulani hujazana chini ya mti mama, kwa hiyo mche ulioota mbali na mama una nafasi bora kuliko ulioota miguuni pake, na hilo huwatawanya ndugu. Halafu miti huanguka kwa nyakati tofauti, na kila pengo hupata mrithi wake kwa kutegemea mbegu zilizokuwepo siku hiyo.

## Kuusoma msitu ukiwa ndani

6. Nikiingia msituni nianze kuangalia nini?

Anza na mwanga. Simama, subiri macho yazoee giza, kisha tazama juu. Katika msitu mzima hutaona anga nyingi. Dari hufungwa na vichwa vya miti ya mita 30 hadi 40, na juu ya dari huchomoza majitu machache. Mtambara (Cephalosphaera usambarensis), ndugu wa mkungumanga, ni mmoja wao: shina lake hupanda wima, bila tawi, mpaka mbali sana juu. Karibu yake unaweza kukuta mnyasa (Newtonia buchananii), ambao mizizi yake hutanuka kandokando ya shina na kusimama kama kuta nyembamba zinazompita mtu kimo. Wamo pia mbarika (Isoberlinia scheffleri), muula (Parinari excelsa) na msambu (Allanblackia stuhlmannii), ambao matawi yake yaliyolala yanautambulisha hata kwa mbali.

Chini ya dari kuna miti ya wastani inayotosheka na vipande vya jua vinavyopenya: mkonde (Myrianthus holstii) wenye majani makubwa yaliyogawanyika vidole, mkwingwina (Sorindeia madagascariensis) ambao matunda yake hushuka vishadavishada, na miti midogo ya jamii ya mibuni. Usiudharau mti mwembamba usiozidi kimo chako. Unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko wewe, ukisubiri pengo.

Kisha tazama kwenye mashina. Kamba za mbungo zimepanda hadi juu kufuata jua. Mimea ya jamii ya magimbi imejibandika kwenye gome, kangaga za aina ya Asplenium zimekaa kwenye panda za matawi zikikusanya majani yaliyooza, na okidi zimejaa kwenye matawi ambayo huwezi kuyafikia isipokuwa yameanguka. Mwisho inama uguse ardhi. Zulia la majani makavu, nyuzi nyeupe za kuvu, mizizi midogo iliyosokotana sentimita chache tu chini ya majani: chakula cha msitu wote kiko hapo. Udongo mwekundu ulio chini yake ni wa kina kirefu lakini umeoshwa na mvua za miaka mingi mno, una asidi na rutuba ndogo. Mgeni akiona miti ya mita 40 hudhani ardhi hii ni tajiri, na kosa hilo limewagharimu wakulima wengi (swali la 12).

7. Jamii za mimea hubadilikaje kadiri ninavyopanda?

Hifadhi ya Amani huanzia karibu mita 190 na kufika mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo barabara ya kutoka chini mpaka Amani kwenyewe ni somo zima. Sehemu za chini kuna joto zaidi na kipindi cha kiangazi kinachojulikana. Hapo utakuta mvule (Milicia excelsa), mfune (Sterculia appendiculata) wenye shina la manjano linaloonekana kutoka mbali, na mkangazi kandokando ya mito. Baadhi ya miti hii hupukutisha majani wakati wa kiangazi.

Ukikaribia mita 850 hivi mambo yanageuka. Miti inayopukutisha hupungua, msambu na wenzake wanaongezeka, kuvumwani hufunika mashina, hewa inakuwa ya baridi na nzito. Usitafute mstari. Spishi moja inaachia mita 700, nyingine 950, na mnyasa hukuandama kutoka chini mpaka juu. Wataalamu huweka mpaka kati ya msitu wa chini na ule wa mlimani kwenye mita 800 au 850 kwa sababu ramani inahitaji mpaka.

Linalowashangaza waliozoea milima ya bara ni kwamba hapa msitu wa mlimani huanzia chini kiasi hicho. Ni ukaribu na bahari: mawingu hukaa chini, na mimea inayopenda ubaridi na ukungu hushuka nayo.

8. Na kati ya bonde na tuta, pana tofauti?

Kubwa, na ndani ya hatua chache. Bondeni kando ya vijito kuna kangaga-miti (Cyathea), maua ya Impatiens na begonia, mawe yaliyolowa. Kwenye matuta udongo ni mwembamba, upepo ni mwingi, miti ni mifupi na hung'oka mara kwa mara. Mwanafunzi akipima eneo moja bondeni na kudhani ameupima mlima, takwimu zake zitampotosha.

9. Lile ua maarufu la Usambara linaota wapi hasa?

Unazungumzia Saintpaulia, ua la chungu linalouzwa madukani Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipata huku na kupeleka mbegu au mimea kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi. Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Streptocarpus, lakini wapenda maua bado wanaliita kwa jina la zamani.

Porini halimo kwenye udongo wa kawaida. Tafuta jabali lenye kivuli karibu na maji, lenye kuvumwani. Mmea umejibana kwenye ufa, majani yake yamelala duara, yana nyama na vinyweleo vinavyoshika matone ya maji. Maua ni ya samawati-zambarau, na katikati kuna vifuko viwili vya chavua vya manjano yaliyokolea. Mmea mzima unaweza kutosha kwenye kiganja.

Maisha yake yanategemea kivuli cha miti iliyo juu ya jabali. Ukikata miti mitatu tu, jua la mchana likafika kwenye jiwe, kuvumwani hukauka na Saintpaulia hufa, hata kama hakuna aliyeigusa. Tafadhali usiing'oe. Duniani kuna mamilioni yake kwenye vyungu, lakini baadhi ya aina za porini zimebaki kwenye majabali machache sana, hapa na katika milima ya Taita, ambako msitu wa Mbololo una aina yake yenyewe.

10. Mbegu husambazwa na nani?

Mnyasa huutegemea upepo. Mbegu zake ni bapa na zina utando unaozifanya zielee. Lakini miti mingi ya msitu huu hutegemea wanyama. Hondohondo humeza tunda zima na kuidondosha mbegu mbali. Kima na popo wana sehemu yao. Tunda la msambu, ambalo hufikia urefu wa sentimita 30 na kuzidi, huanguka lenyewe, kisha panya buku hubeba mbegu na kuzifukia hapa na pale kama akiba, na zile anazozisahau huota.

Ndege wakipungua, miti nayo hukosa warithi. Utafiti uliofanyika Usambara Mashariki na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha hivyo kwa Leptonychia usambarensis, mti mdogo wa kivulini usiopatikana nje ya milima ya ukanda huu: kwenye vipande vidogo vya msitu vilivyozungukwa na mashamba, ndege wanaokula matunda walikuwa wachache, mbegu zikabaki chini ya mama, na miche ikawa haba. Miti mikubwa ilikuwa imesimama bado. Anayetazama kutoka barabarani asingegundua lolote.

## Msitu unapobadilika

11. Msizi ni mti mbaya? Mbona unafunika milima vizuri?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Msizi (Maesopsis eminii) ni mti wa asili wa Afrika ya kati, Uganda na upande wa Kagera. Huko kwao hauna kesi. Uliletwa Amani enzi za Wajerumani, ambao mwaka 1902 walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia na kupanda mamia ya aina za mimea kutoka kila pembe ya dunia. Mingi ilibaki bustanini. Msizi haukubaki.

Mambo mawili yaliupa njia. Kwanza, hondohondo waliyapenda sana matunda yake meusi-zambarau na wakayabeba mpaka katikati ya msitu. Pili, uvunaji wa mbao kwa mashine, uliokuwa mkubwa miaka ya 1960 na 1970 na kuendelea hadi miaka ya 1980, uliacha mapengo makubwa na barabara za kukokotea magogo. Msizi hupenda jua na hukua upesi kuliko karibu kila mti wa asili wa hapa. Mbegu zilikuwa tayari, mapengo yakafunguliwa, ukaingia.

Tatizo lake ni kwamba jamii iliyo chini yake si ile iliyokuwepo. Msizi hupukutisha majani kipindi cha ukavu, wakati dari la asili hubaki limefungwa, kwa hiyo mwanga na joto chini hubadilika. Majani yake huoza haraka na zulia la ardhini huwa jepesi. Mvua kubwa hupiga udongo moja kwa moja. Vichaka vinavyopenda mwanga hujaa.

Je, kila mche wa asili hufa chini yake? Hapana, na hapa tunatofautiana na wanaotangaza kwamba kila penye msizi pamekufa. Watafiti wamekuta miche ya asili ikiendelea chini ya msizi, hasa pale msitu mzima ulipo karibu na wanyama wa kubeba mbegu wapo. Msizi wenyewe hauishi muda mrefu kama mtambara. Kwa maoni yetu, katikati ya hifadhi, kuukata kwa pupa ni hatari, maana kunafungua mapengo yaleyale ambayo msizi huyapenda. Bora kuzuia mapengo mapya, na kuondoa msizi mchanga kwenye kingo za msitu ambao haujavamiwa bado.

Kuutambua: shina jeupe-kijivu lililonyooka, majani marefu yenye meno ya mviringo ukingoni, na matunda yaliyotapakaa chini ya mti.

12. Iliki hulimwa chini ya miti bila kuikata. Huo si msitu bado?

Kwa juu, ndiyo. Iliki inahitaji kivuli na unyevu, na mkulima huacha miti mikubwa. Lakini ili iliki ikae, ghorofa yote ya chini husafishwa: miche, miti michanga, vichaka. Palilia hurudiwa kila mwaka. Kinachobaki ni wazee wasio na watoto, na mzee mmoja akianguka hakuna wa kushika nafasi yake.

Baadaye rutuba ya ule udongo wa juu hupungua, mavuno hushuka, na mkulima hulazimika kufungua dari zaidi ili apande migomba, mihogo au mazao mengine. Haya tunayasema bila kumlaumu mkulima. Iliki imesomesha watoto wengi wa Tarafa ya Amani, na familia zilizohamishwa mashamba yao ya Derema ili kuunganisha vipande vya msitu zilipoteza pato la kweli. Anayetetea msitu asipolitaja hilo hasemi ukweli wote.

Mashamba ya mseto yenye mdalasini, karafuu na pilipili manga nje ya hifadhi ni jambo tofauti, tena zuri. Hayawi msitu, lakini hupunguza haja ya kuingia msituni.

13. Mti mkubwa ukianguka wenyewe, hufuata nini?

Pengo dogo hujazwa na waliokuwa wakisubiri: ile miti myembamba ya swali la 6 hupata jua na kupanda. Pengo kubwa huamsha miti tangulizi kama mpesi (Trema orientalis) na mkumba (Macaranga capensis), ambayo hukua kwa kasi, hutoa kivuli, na chini ya kivuli hicho wenyeji wa kudumu hurudi. Siku hizi, penye msizi jirani, mara nyingi ndio unaowahi.

14. Msitu ukikatwa na kuachwa, hurudi baada ya muda gani?

Inategemea unauliza kuhusu nini. Kijani hurudi ndani ya mwaka. Dari la aina fulani hurudi ndani ya miongo michache. Mti kama mtambara wa mita 40, okidi zilizo juu yake na panya buku wa kufukia mbegu chini yake ni suala la vizazi vya watu, na hata hivyo kwa sharti la kuwa na msitu mzima karibu. Eneo lililochomwa moto mara kwa mara hushikwa na nyasi na magugu ya kangaga na linaweza kukwama hapo. Mimea ya msitu huu haina ulinzi dhidi ya moto.

15. Kuna wavamizi wengine?

Wapo. Clidemia hirta, kichaka cha kutoka Marekani ya kitropiki chenye majani ya vinyweleo na matunda ya buluu iliyokoza, hushika njia na mapengo. Lantana camara hukaa zaidi kwenye kingo. Cedrela odorata na Castilla elastica, miti iliyoletwa kwa majaribio, nayo imetoka ilipopandwa.

## Msitu na wanaoishi nao

16. Tunaruhusiwa kuokota kuni, dawa au uyoga?

Amani ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997, ikiwa na hekta 8,380 hivi, na sasa inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kukata mti mbichi, kulima, kuchimba dhahabu na kuwasha moto ndani yake ni marufuku. Kuni zilizokauka na kuanguka huokotwa kwa utaratibu uliokubaliwa na vijiji, na utaratibu huo hutofautiana. Uliza ofisi ya kijiji chako kabla ya kuingia.

Misitu ya vijiji ni habari nyingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga na kusimamia msitu wake kwa sheria ndogo zake. Gome na mizizi kwa ajili ya dawa ndivyo vinavyohitaji uangalifu zaidi, maana mti uliochunwa gome pande zote hufa.

17. Msambu unaweza kupandwa shambani?

Unaweza, ukiwa na subira. Mbegu zake zina mafuta yanayoganda, ambayo wenyeji wameyatumia kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 2002 Unilever na washirika wake walianza kuyatafutia soko, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu mafuta hayo yatumike katika vyakula.

Ugumu uko kwenye mche. Mbegu huchukua miezi mingi kuota. Isitoshe, msambu una miti dume na miti jike. Ukipanda kwa mbegu unaweza kulea mti kwa miaka kisha ukagundua ni dume. Ndiyo maana watafiti wa kilimo mseto walihimiza kubebesha: unachukua kikonyo cha mti jike uliokwisha kuzaa vizuri na kukiunganisha kwenye mche. Bakiza madume machache shambani kwa ajili ya uchavushaji.

Kama unataka mti wa kivuli wa asili usio na masharti hayo, panda mshai (Albizia gummifera). Sehemu za chini panda mvule au mkangazi. Kando ya hifadhi, usipande msizi (swali la 11).

## Maswali ya pembeni

18. Msitu wa Lushoto ni huuhuu?

Ni ndugu, lakini jamii ni nyingine. Usambara Magharibi hupanda mpaka karibu mita 2,300, na kwenye baridi ya Magamba na Shume utakuta mkulo (Ocotea usambarensis), podo, na pande kavu zaidi mwangati (Juniperus procera). Usambara Mashariki haifiki huko. Hata Nilo, kilele chake kirefu, ni mita 1,500 hivi. Msitu wa Mazumbai, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ni mahali pazuri pa kulinganisha.

19. Kuna uhusiano na misitu ya Kongo?

Upo, wa zamani sana. Jenasi ya msambu, Allanblackia, ina spishi nyingine Afrika ya kati na magharibi, na mifano kama huo iko mingi. Zamani misitu ya mvua ilikuwa imeenea zaidi barani. Ukame ulipoikata katikati, vipande vya mashariki vikaendelea na njia yake.

20. Nimeona mmea nisioujua. Nimpelekee nani?

Kwanza piga picha: mmea mzima, jani juu na chini, namna majani yalivyopangwa kwenye kijiti, gome, ua na tunda kama vipo. Andika mwinuko, ulikuwa kivulini au juani, bondeni au kwenye tuta, na ulizungukwa na nini. Jina la Kisambaa au Kibondei ulilopewa na mwenyeji liandike pia, pamoja na kijiji, kwa sababu mimea miwili tofauti huweza kuitwa jina moja katika vijiji viwili.

Sampuli ndani ya hifadhi haikatwi bila kibali. Mtafiti atahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia na ruhusa ya wasimamizi wa hifadhi. Ukiwa na vibali, chukua kijiti chenye majani na maua au matunda, kikandamize kati ya magazeti, badilisha magazeti kila siku mpaka kikauke. Kwa unyevu wa Amani, usipobadilisha kitaota ukungu. Sampuli hupelekwa kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa: ipo ya taifa Arusha na nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makusanyo ya zamani ya Amani yenyewe yalihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na ndiyo yaliyokuwa msingi wa Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko huko, kwa hiyo anayefuatilia spishi iliyokusanywa hapa enzi za Wajerumani au Waingereza huenda akalazimika kuuliza Kenya.